Barua ya wazi kwa NIMR Mwanza: Mtoto mwenye usonji naye huota ndevu

Ndugu Mkurugenzi,

Mdogo wangu ana miaka 34. Tunaishi Busisi, na kwa miaka mingi kila alasiri alishuka gatini kuvitazama vivuko vya Kigongo. Alijua kipi kiko upande gani na kipi kimechelewa kwa dakika ngapi; madereva wa malori walimuuliza yeye kabla ya kumuuliza mkata tiketi. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa na kuchukua nafasi ya vivuko, sote tulishangilia, maana foleni ilishatuchosha. Yeye wiki nzima hakula vizuri. Hakuna aliyekumbuka kumwandaa, hata mimi.

Nilimpeleka hospitali moja. Daktari, kijana mpole, alikuwa na fomu ya usonji, lakini maswali yote yalikuwa ya mtoto: Anacheza na wenzake? Ananyoosha kidole akitaka kitu? Kumuulizia hayo mtu mwenye ndevu! Tukapewa dawa ya usingizi, tukarudi nyumbani.

Jina lenu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, linataja magonjwa, na usonji si ugonjwa, najua. Ila kwa kubisha hodi kwenye nyumba za watu, kanda hii haina waliozoea kama ninyi. Kisesa mmezunguka kaya kwa kaya tangu 1994. Na matokeo yenu ya 1995, kutoka jamii 12 za mkoa huu, yalionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia ilikuja kujifunza Mwanza.

Kuhusu usonji Tanzania, mengi yaliyoandikwa ni ya watoto. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji, na katika kundi hilo, kwa watatu dalili zilianza baada ya malaria kali. Kazi ya maana. Lakini watoto wale sasa ni watu wazima. Wanafanya kazi gani? Wanalala kwa nani? Kule Marekani, Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika maelezo ya usonji ya daktari Leo Kanner ya 1943, alifanya kazi benki, akacheza gofu, akafariki 2023 akiwa na miaka 89 katika mji mdogo uliomzoea. Benki ilikuwa ya ukoo wao, hilo nalo tuliseme. Lakini uzee wake tunaujua kwa sababu kuna watu waliorudi kumtafuta.

Naomba mchunguze usonji wa watu wazima, na mtunge maswali ya huku. Fomu za kigeni huuliza kama mtu anakutazama machoni. Usukumani aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa, kwa hiyo hapo mdogo wangu anafaulu bila jasho. Kinachomponza ni salamu. Unamwambia "mwangaluka", anapita kimya, na kijiji kinamwita mwenye kiburi. Wengine wanasema amelogwa. Hilo fomu iliyotungwa London haitaliuliza.

Ulizeni pia yale yanayotukesha: mama yetu akiondoka, nani atajua kwamba anakula dagaa wakavu tu, wasioungwa? Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu; mtu ambaye kelele za kikao humfanya azibe masikio atakaaje kwenye kikundi? Mkiwa na majibu, yapelekeni kwa maofisa ustawi wa jamii wa kata, kwa Kiswahili, kabla hayajaenda kwenye majarida.

Na muulizeni yeye, si mimi peke yangu. Bado hushuka gatini. Mkija, njooni alasiri, msimzungushe na salamu ndefu. Muulizeni vivuko vimekwenda wapi, kisha mkae chini, maana atawajibu kwa saa nzima.

Kaka yake,
Busisi, Sengerema