Sindano ya PRP Haioteshi Goti Jipya

Kwanza tukubaliane na lililo kweli. Katika tiba ya PRP unatolewa damu mkononi, mara nyingi mililita 15 hadi 60, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zijitenge, kisha utegili uliojaa chembe sahani unachomwa pale panapouma. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu ukijikata, na zimebeba protini zinazochochea tishu kujijenga. Hadi hapo hakuna uongo. Chumvi inatiwa kwenye maneno yanayofuata.

"Gegedu lililolika litaota tena." Hili ndilo dai linalouza, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba goti limesagika na uteute umekauka hana hamu ya kusikia habari nyingine. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio la Australia lililohusisha watu 288 wenye magoti ya namna hiyo, ambayo hayajaharibika sana. Walichomwa sindano tatu, moja kila wiki: wengine PRP, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna mgonjwa aliyejua amechomwa nini. Baada ya miezi 12, maumivu yalikuwa yamepungua kwa pointi 2.1 kwa waliopata PRP na 1.8 kwa waliopata maji ya chumvi, tofauti isiyo na uzito. Gegedu halikuota. Lilipungua kwa asilimia 1.4 upande wa PRP na 1.2 upande wa pili.

Hebu waangalie hao wa maji ya chumvi. Nao walipata nafuu! Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na watu huenda kuchomwa sindano yakiwa kileleni. Yakishuka, sifa zote zinakwenda kwa sindano. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi.

Watetezi wa PRP wanajibu kwamba chembe sahani za jaribio lile zilikuwa chache mno, na kwamba tafiti nyingine zimeona PRP ikiishinda sindano ya asidi ya hyaluroniki kwa miezi sita hadi mwaka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kama idadi ya chembe ndiyo siri, muulize anayekuuzia: yangu mtaihesabu? Na hata tafiti hizo nzuri zinasifu maumivu kupungua, hazithibitishi kwamba gegedu limerudi. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa nguvu PRP isitumike kwa magoti na nyonga zilizosagika.

"Wachezaji wakubwa wanapona nayo haraka." Ni kweli Hines Ward alichomwa kabla ya fainali ya Super Bowl ya 2009, na Rafael Nadal naye alitibiwa magoti kwa PRP. Lakini mchezaji wa daraja hilo ana mtaalamu wa fiziotherapia kila siku, jambo ambalo tangazo halitaji. Uholanzi waliwapima wanamichezo 80 waliochanika misuli ya nyuma ya paja, matokeo yakatoka 2014: makundi yote mawili, la PRP na la maji ya chumvi, yalirudi mchezoni baada ya siku 42 kwa wastani. Shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilipiga marufuku PRP ya kwenye misuli mwaka 2010, likaiondoa kwenye orodha mwaka uliofuata kwa kukosa ushahidi kwamba inaongeza uwezo.

"Inatibu kano yoyote." Kano ya kisigino ilijaribiwa Uingereza kwa watu 240, matokeo yakatoka 2021, PRP ikashindwa kuonyesha faida. Kiwiko ndicho chenye utata: mwaka 2010 PRP iliishinda sindano ya steroidi kwa mwaka mzima. Kumbe steroidi yenyewe hutuliza kiwiko kwa wiki chache kisha hukiacha kikiwa hoi, kwa hiyo kuishinda si kazi kubwa.

"Ni damu yako, haina madhara." Mzio ni nadra, sawa. Lakini eneo linaweza kuuma zaidi kwa siku kadhaa, na uchafu hauulizi damu ni ya nani. Huko Albuquerque, Marekani, wateja wa saluni iliyokuwa ikichoma watu PRP usoni bila kufuata usafi waliambukizwa VVU; saluni hiyo ilifungwa 2018. Mwenye chembe sahani chache, saratani ya damu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla mkono haujafungwa. Dawa kama ibuprofeni nazo kwa kawaida huachwa kwa muda, kabla na baada.

"Utaona tofauti kesho." Nafuu, ikija, huja baada ya wiki kadhaa. Kesho utakuwa na uvimbe. Kabla ya kulipa, uliza pia kama bei hiyo ni ya sindano moja au ya tatu, na kama mazoezi ya kuimarisha paja yamo ndani yake. Mazoezi hayo mwongozo ule ule wa 2019 uliyapendekeza kwa nguvu ile ile iliyoikataa PRP.