Sanduku la Babu Linaliwa na Mchwa

Ndugu msomaji, twalalamika kuwa historia ya pwani yetu imeandikwa na wageni. Je, sanduku la babu lililo uvunguni umelifungua? Mna barua, hati za wakfu, vyeti vya ndoa, vyote kwa herufi za Kiarabu. Nawe wamwachia mchwa! Mashairi ya Muyaka wa Mombasa (1776–1840) Mwalimu Sikujua alimsaidia mmishionari Taylor kuyakusanya. Leo makaratasi hayo yako London. Usimlaumu aliyehifadhi, jilaumu unayechoma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni. Vipi tuteketeze yaliyoandikwa? Lifungue leo, msomeshe mwanao khati hizo, na nakala ipeleke Nyaraka za Taifa. Hii nayo ni amana.