Kuhamisha Mfumo wa Kale

Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo. Familia zilizokuwa zimeweka Ubuntu kando yake, katika kompyuta hiyo hiyo, sasa zataka kuuondoa mfumo wa kale.

Hapa Mji wa Kale zipo nyumba ambazo watu wa juu na wa chini huingilia daka moja. Anayehama hutoka na vyombo vyake, wala hang'oi mlango. Basi kina mama, kabla kijana hajafuta chochote, mwagizeni mambo matatu. Kwanza, atoe amana: picha za marhumu, wasia, hati ya nyumba. Azinakili katika diski ya nje, kisha azifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimesalimika. Pili, athibitishe kuwa Ubuntu yatosheleza kazi zenu zote. Tatu, afute sehemu ya Windows pekee. Ile sehemu ndogo iitwayo EFI aiache, kwani ndiyo daka la mifumo yote miwili. Ikifutwa, Ubuntu haitaanza.

Nafasi ya diski hupatikana kwa dakika chache. Picha ya marhumu ikishapotea, huenda isirudi abadan.