Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Ni Kweli kwa Waigizaji Wetu?

Huko Uingereza kuna ubishi usiokwisha. Watu huketi wakashindana kwa maneno ni nani, miongoni mwa waigizaji wao walio hai, anayestahili kuitwa bingwa wa wote. Wako wanaomtaja Bibi Judi Dench, aliyezaliwa mwaka 1934. Wako wanaoapa kwamba hakuna mwingine ila Ian McKellen. Wengine humtaja Anthony Hopkins, mzaliwa wa Wales, aliyepata tuzo ya Oscar mara ya pili mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 83. Maggie Smith alipofariki dunia Septemba 2024, jina moja kubwa lilitoka katika orodha hiyo, na ubishi ukaanza upya.

Msomaji huenda akauliza: hayo ya Waingereza yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu ubishi kama huo upo hata hapa kwetu. Tofauti ni kwamba wetu hauandikwi popote. Huishia kwenye kikombe cha kahawa.

Chukua mfano wa Chaani, upande wa Changamwe. Chaani ni mtaa wa wafanyakazi. Wamekaa hapa watu wa bandarini, watu wa reli, na wale waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta kabla hakijaacha kusafisha mwaka 2013. Mpwani na mtu wa bara wanapakana ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo ukiuliza barazani jioni, "Ni nani mwigizaji bora wa Kenya aliye hai?" utapata majibu mengi kuliko vikombe vilivyopo.

"Mama Kayai," asema mzee mmoja mstaafu, bila hata kufikiri.

"Lakini Mzee," kijana amjibu, "Lupita Nyong'o dunia nzima yamjua."

"Huyo Lupita, mwanangu, hajaingia nyumbani kwangu hata siku moja. Mama Kayai alikuwa akija kila juma."

Mama muuza mahamri naye adakia kwamba kwake yeye hapakuwa na mwingine ila King Majuto wa Tanga. Aambiwapo kwamba Majuto alikuwa Mtanzania, tena amekwisha kufariki, ajibu kuwa kucheka hakuulizi kitambulisho.

Katika majibu hayo matatu mna mizani mitatu tofauti, na kila mmoja wafaa kuangaliwa.

MIZANI YA TUZO

Mizani wa kwanza ni ule wa kijana, yaani tuzo za kimataifa. Kwa mizani huo, hakuna Mkenya wa kushindana na Lupita Nyong'o. Machi 2014 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa kazi yake katika filamu ya 12 Years a Slave, iliyoongozwa na Steve McQueen, ambaye ni Mwingereza.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Mwaka 2005 ilitoka filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa sehemu kubwa hapa hapa Kenya. Rachel Weisz, Mwingereza, alicheza humo, na mwaka 2006 akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Katika kazi ya kuitengeneza filamu hiyo alikuwamo msichana mmoja Mkenya wa kutumwa huku na huku nyuma ya kamera. Msichana huyo alikuwa Lupita. Miaka minane baada ya Weisz, yeye naye akaipokea tuzo ile ile.

Habari hiyo yatupa fahari, lakini pia yatupa swali. Kati ya kutumwa na kutuzwa, Lupita alipitia wapi? Alikwenda Marekani, akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Kipaji kilikuwa chetu, lakini chuo, filamu na tuzo vilikuwa vya wengine. Na hata Waingereza wanafaidika kwa njia hiyo. Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London mwaka 1989 kwa wazazi wa Uganda, alipata Oscar mwaka 2021. Waingereza wanamhesabu kuwa wao, na wana haki, kwa maana wao ndio waliomlea katika kazi. Uganda nayo humshangilia kwa damu.

Upungufu wa mizani huu ni kwamba humpima yule tu aliyefika mbele ya wapimaji. Mtu aliyeigiza maisha yake yote kwa Kiswahili, katika studio ya Nairobi au jukwaa la Mombasa, hawezi kupata Oscar hata awe na ufundi wa namna gani. Hatuwezi kusema ameshindwa katika mashindano ambayo hakuitwa.

MIZANI YA KUDUMU

Mizani wa pili ni ule wa mzee: nani amekaa nasi muda mrefu? Hapo ndipo anapoinuka Mama Kayai, ambaye jina lake hasa ni Mary Khavere. Kwa miaka mingi alicheza katika Vitimbi akiwa mke wa Mzee Ojwang', na walivyogombana na kupatana humo viliwafanya watazamaji wengi waamini kuwa ni mume na mke kweli. Katika nyumba ambazo televisheni ilikuwa moja kwa majirani kumi, kipindi hicho kilijaza watoto sakafuni na wazee vitini.

Wenye umri mkubwa zaidi hurudi nyuma hata kabla ya Vitimbi. Wao hukumbuka enzi za Sauti ya Kenya, Mzee Pembe na Kipanga walipokuwa wakichekesha taifa zima. Hiyo nayo ilikuwa sanaa ngumu. Kwenye redio mchezaji hana uso wala mavazi. Ana sauti tu, na kwa sauti hiyo lazima msikilizaji amwone.

Hata hivyo, kudumu peke yake hakutoshi. Mtu aweza kudumu kwa sababu hapakuwa na wa kumwondoa.

MIZANI YA UFUNDI

Kwa hiyo tufike kwenye mizani wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio mzito kuliko yote. Ni kazi ya mwigizaji kuwa mtu mwingine hata tumsadiki. Mama wa mahamri alikuwa akiusema huo bila kuutaja, kwa kuwa Majuto, ambaye jina lake lilikuwa Amri Athumani, hakuwa na haja ya kusema neno ili mtu acheke. Kutembea kwake tu kulitosha.

Mfano bora tulio nao Kenya ni Mzee Ojwang' mwenyewe. Matamshi yake yalikuwa ya Mjaluo, na jina lake lilikuwa la Mjaluo. Lakini jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Wako watu walioishi miaka mingi bila kulijua hilo, Wajaluo wakiwamo. Katika nchi ambayo kabila la mtu huulizwa kabla ya salamu kuisha, kijana wa Kikuyu alilivaa vazi la jirani yake, akalivaa vizuri hata jirani akamkubali. Ukienda Chaani, ambako makabila yote yamechanganyika, utaelewa kwa nini Ojwang' alipendwa.

Katika walio hai, Oliver Litondo hawezi kusahauliwa. Katika filamu ya The First Grader ya mwaka 2010 alimwigiza Mzee Kimani Maruge, yule aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Filamu yenyewe iliongozwa na Mwingereza, Justin Chadwick, lakini uso uliobeba uchungu wa mzee yule ulikuwa wa Litondo. Ukiniuliza kazi moja ya Mkenya ya kuwekwa mezani mbele ya mabingwa wa Uingereza bila kuona haya, nitaitaja hiyo.

WENZETU WANA NINI?

Sasa turudi kwa Waingereza. Je, wao wamezaliwa na vipaji kutushinda? Sidhani. Wao wana vitu ambavyo sisi tumevichelewesha. Wana majumba ya michezo hata katika miji midogo, ambamo kijana huanza kwa kubeba viti na kuishia kucheza mfalme. Wana vyuo vya uigizaji. Wana kumbukumbu za filamu na michezo ya zamani, hivi kwamba mtoto wa leo aweza kumwona bingwa wa juzi. Na wana heshima ya serikali: tangu mwaka 1895, Henry Irving alipotunukiwa cheo cha Sir, mwigizaji kwao si mtu wa kudharauliwa.

Sisi tulipata jumba letu kwa njia yake. Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, lilifunguliwa Novemba 1952, na aliyelifungua alikuwa mwigizaji maarufu wa Kiingereza, Ralph Richardson. Ilikuwa majuma machache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, waigizaji wa The Trial of Dedan Kimathi na Betrayal in the City walilazimika kugombania siku chache za kucheza humo, ilhali michezo ya wageni ilikuwa imetengewa nafasi. Michezo hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ikitayarishwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la Waafrika la Lagos mwaka 1977!

Huku Mombasa, kijana wa Chaani anayetaka jukwaa ni sharti avuke Makupa aende kisiwani. Nafasi iliyo karibu naye ni tamasha la drama la shule, na baada ya hapo vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani. Watu huvicheka vikundi hivyo. Mimi siwacheki. Kuwashika wanafunzi mia tano juani, bila kipaza sauti, kwa saa mbili, ni chuo kamili.

KUTUNZA NI KUPI?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza ngomani ni kumtuza mchezaji fedha angali anacheza, jasho likimtoka. Hakuna aliyewahi kungoja ngoma ilale, watu watawanyike, ndipo amtafute mchezaji kumpa chake.

Sisi ndivyo tunavyofanya. Mzee Ojwang' miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho, na ikabidi wananchi wamchangie fedha za matibabu. Alipofariki Julai 2015, sifa zilimiminika kutoka kila upande. King Majuto alipelekwa India kutibiwa mwaka 2018, akafariki Agosti mwaka huo huo, naye akasifiwa vivyo hivyo. Sifa hizo zilikuwa za kweli, lakini wenyewe hawakuzisikia.

Ndiyo maana ubishi wa barazani juu ya bingwa aliye hai una maana. Neno kubwa ni hilo la "aliye hai". Aliye hai aweza kulipwa kila kipindi chake cha zamani kinaporudiwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za mwigizaji. Lililobaki ni haki hizo zifike mfukoni mwake. Aliye hai aweza pia kuitwa shuleni awafundishe vijana jinsi sauti inavyobeba uso. Akiisha kufa, hayo yote hayawezekani tena.

Basi jibu langu ni lipi? Kwa tuzo, ni Lupita. Kwa kazi moja, Litondo. Lakini nikiambiwa nichague mmoja tu wa kutunzwa leo, nakubaliana na yule mzee wa Chaani: Mama Kayai. Si kwa huruma. Ni kwa sababu alituchezea sisi, kwa lugha yetu, wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kutupimia, na ni sisi tunaodaiwa.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Tumshangilie Lupita aliko, lakini tusisahau mkeka tulioukalia tukicheka. Baraza la Chaani lingali linabishana, na kahawa ingali moto. Kama una wako, mtaje sasa, angali anaweza kukusikia.