Jatrofa: kwenye lupango sawa, kwenye shamba tuangalie

Makala ya Goma kwa sehemu kubwa inatoka kwenye miti ya Virunga, na barabara ikifungwa, mama wa nyumbani ndiye analipa. Ndiyo maana hawakosi watu wa kutuambia: pandeni jatrofa, mutapata mafuta.

Huu mti wengi wanaupanda lupango, juu mbuzi haziugusi. Mbegu yake iko na mafuta karibu sehemu moja kwa tatu. Lakini tupige hesabu ya nyumbani. Kwa mashini ya mkono, lita moja inaomba kilo 4 ao 5 za mbegu, na mti unangojewa miaka 3 ao 4 mbele ya kuzaa vizuri. Tena mafuta ni mazito, hayapandi vizuri kwenye utambi. Taa ya petroli ya kawaida inazimika. Inaomba utambi mfupi unaoelea. Sabuni inatoka nzuri, ile ni kweli. Kupika maharagi saa tatu nzima? Bado.

Na ni sumu: mtoto akikula mbegu chache tu anatapika. Mashudu ni mbolea, si chakula ya nguruwe.

Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni Sun Biofuels ilipewa hekta zaidi ya 8,000 za vijiji. Mwaka 2011 ikaanguka, mamia ya wafanyakazi wakakosa kazi, na udongo haukurudi kwa wenyewe.

Kwa hiyo mtu akifika na mkataba wa jatrofa, wazazi wamuulize kwanza: unataka lupango yetu, ao shamba la maharagi?