Ndege wa shambani: wezi ni wangapi?

Juma lililopita tuliwaahidi mambo ya mitihani. Tutayafikia, lakini kwanza tupitie kwenye mashamba ya mpunga. Katika kalase yetu ya sita, nafasi saba ziko wazi. Wenye nafasi hizo tunajua waliko: wako shambani, hapa bondeni Ruzizi, wanafukuza ndege.

Siku ya posho tulienda na mama sita wa kikundi kuwatazama hao ndege wenyewe. Tuliketi kandokando ya mfereji tangu saa nane mchana. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na kwa masaa mawili hatukuona karibu kitu. Watoto walikuwa pale wakipiga mabidoni, wakifukuza upepo. Saa kumi, jua lilipoanza kuelekea milimani, makundi yakaanza kushuka.

Wa kwanza ni wale wa kusuka viota, wa manjano wenye kichwa cheusi. Hao ni wezi, hatuwatetei. Pamoja nao wale madume wekundu wenye tumbo jeusi. Wengine wameanza kuvua nyekundu yao, maana msimu wa kuzaa ukiisha wanabaki na rangi ya udongo kama majike. Wanaushika mpunga ungali na maziwa, wanaukamua, shuke linabaki jeupe, halina kitu.

Mama mmoja aliuliza juu ya kale kadogo kenye mkia mrefu mweusi. Huyo anaokota mbegu za majani chini. Mke wake hajengi. Anataga katika kiota cha ndege mwingine, na mwenye kiota anamlelea watoto. Tulicheka sana. Majina ambayo mama wale walimpa hatuwezi kuyaandika hapa.

Ndipo mmoja wa vijana wetu saba akaja na nyange mkononi, amemuua kwa lastiki. "Mwalimu, huyu ndiye anamaliza shamba la mama." Tulimpasua pale pale. Ndani: panzi, na mguu wa chura. Punje ya mpunga, hata moja. Mama yake alinyamaza. Nyange anafuata ng'ombe na watu wanaolima kwa sababu miguu yao inawashtua panzi. Kumuua ni kumfukuza mfanyakazi asiyedai mshahara.

Sasa hesabu. Mpunga unahitaji mlinzi kama majuma matatu au manne, tangu unapotia maziwa mpaka unapokauka. Siku hizo ndege wanakula zaidi tangu alfajiri mpaka kama saa tatu, na tena kuanzia saa kumi. Mtoto akitoka masomo saa sita na nusu, atakula, atapumzika, na saa kumi anaweza kusaidia. Asubuhi ndiyo vita, hatufichi. Lakini mashamba sita yanayogusana yanaweza kulindwa na mama wawili kwa zamu, badala ya watoto saba. Na msimu ujao tupande sote katika juma moja, maana shamba linaloiva peke yake ndilo linaita ndege wa bonde lote.

Tutaanza zamu siku ya kwanza ya juma, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye daraja la mfereji. Mwenye bidoni alete.