Mdudu wa ghalani hana pasi: alichokiona Profesa Odhiambo

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa mahindi au muhogo mkavu katika jiji hili anamjua dumuzi hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Anafungua gunia lililokaa ghalani miezi mitatu, anatia mkono, anatoa unga badala ya punje. Hasara hiyo huhesabiwa kuwa bahati mbaya, sawa na mvua au pancha njiani. Si bahati mbaya. Ni bidhaa iliyovuka mpaka pamoja na bidhaa nyingine, na hakuna aliyeilipia ushuru.

Asili ya dumuzi ni Mexico na Amerika ya Kati. Tabora ilimwona mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wa Tanzania wakampa jina la Scania, kama lile lori. Kenya walikuja kumwita Osama. Kufikia mwaka 1984 alikuwa amesharipotiwa Burundi. Vipimo vilivyofanywa wakati huo katika maghala ya wakulima wa Tabora vilionyesha kwamba mahindi yaliweza kupoteza hadi theluthi ya uzito wake ndani ya miezi michache. Mdudu mdogo kuliko punje ya mtama hasafiri umbali huo wote kwa mabawa yake. Alibebwa na magunia.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko serikali nyingi alikuwa Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931. Maisha yake yenyewe yalikuwa ya kuvuka mipaka. Alisoma Makerere, akafanya kazi ya wadudu waharibifu katika idara ya kilimo ya Uganda, kisha akaenda Cambridge kusoma chini ya Vincent Wigglesworth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya wadudu wa karne iliyopita. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Angeweza kubaki Uingereza. Alirudi Nairobi kufundisha, na mwaka 1967 akaandika katika jarida la Science kwamba Afrika Mashariki inahitaji sayansi yake yenyewe kwa ajili ya maendeleo.

Mwaka huohuo wa 1967 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilizaliwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1970, Odhiambo alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, ambacho makao yake Kasarani yanaitwa Duduville. Jumuiya ilikufa mwaka 1977 kwa ugomvi wa mali na siasa. Kituo cha wadudu hakikufa. Marais waligombana, vipekecha mabua na mbung'o waliendelea na kazi zao pande zote za mpaka, na watafiti wakaendelea kuwafuata.

Odhiambo alikiongoza kituo hicho hadi mwaka 1994. Tuzo hazikukosekana: mwaka 1987 aligawana na Rais Abdou Diouf wa Senegal Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika vita dhidi ya njaa. Lakini jambo kubwa zaidi, na linalosahaulika, ni mpango wa uzamivu ulioanza mwaka 1983 ukiunganisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za Afrika, ili kijana asome wadudu wa bara lake akiwa katika bara lake. Alifariki mwaka 2003.

Aliyempokea uongozi, Mswisi Hans Herren, alikuja na ushahidi wa hoja hiyohiyo. Muhogo ulipovamiwa na mdudu mweupe kama unga, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuenea kutoka eneo la Kinshasa na Brazzaville katika miaka ya 1970, timu ya Herren ilitafuta adui yake wa asili. Wakampata nyigu mdogo huko Paraguay, na mwaka 1981 wakaanza kumwachia Nigeria. Kutoka hapo alipelekwa nchi baada ya nchi. Mtu anayekula ubugari wa muhogo Bujumbura leo ana sababu ya kumshukuru nyigu ambaye hatamwona kamwe. Mpango huo ungefanywa na nchi moja peke yake, usingefika popote.

Sasa turudi mpakani. Burundi iliingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti chepesi cha uasili akasamehewa ushuru. Cheti hicho hakimwondolei ukaguzi wa afya ya mimea, na hapo ndipo shida inapokaa. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni kimoja: unyevu usizidi asilimia 13.5, na asionekane mdudu hai. Kiwango ni kimoja, lakini mzigo uliokaguliwa upande mmoja unaweza kusubiri kukaguliwa tena upande wa pili, huku jua likiupiga na mdudu akizaana.

Wafanyabiashara wengi huuona ukaguzi kuwa njia nyingine ya kuwakamua, na mara nyingine wana haki. Lakini kuukwepa kuna gharama. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti ya usajili na vyeti. Mdudu anayetoboa punje huifungulia njia kuvu hiyo. Walioumia wakati wa zuio walikuwa wenye malori yaliyokwama, wala si wadudu.

Kinachopaswa kudaiwa na vyama vya wafanyabiashara wa Bujumbura, Kigoma na Uvira si kuondolewa kwa ukaguzi. Ni ukaguzi mmoja unaotambuliwa pande zote, kipimo cha unyevu kwenye kila kituo cha mpakani kikiwemo Kobero, na bei ya kufukiza iliyobandikwa ukutani ili kila mtu aisome. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humuua mdudu kwa kumnyima pumzi bila dawa yoyote, iwe kwenye orodha ya bidhaa zinazovuka bila kodi. Mfuko mmoja ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini ni rahisi kuliko theluthi ya gunia.